Lori Lililokwenda Mombasa Bila Magurudumu

Asubuhi alikuwa mtu mbaya. Mtoto aliyegonga geti lake kabla ya saa mbili alirushiwa kandambili, na ilikuwa ile ya tairi, nzito, inayoacha alama mgongoni. "Toka! Hata dwani haijafungua!" Dwani ni forodha, kwa Kifaransa chetu cha mtaa wa Biryogo, Kigali, na forodha aliyokuwa akiizungumzia ilikuwa mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya madebe mawili ndani ya ua wake mwenyewe. Saa mbili kamili alitoka na fulana yake, amepiga mswaki, akafungua geti, na watoto kumi na wawili wa mtaa wakaingia mbio. Wawili kati yao walikuwa wangu.

Sote tulimwita Dereva. Jina lake la kweli nililisikia mara moja tu, likisomwa kwa sauti barabarani, na siku hiyo nitaifikia.

Niseme mapema kwamba nina hasira naye. Watu wakizungumza juu ya marehemu hulegeza sauti, mimi siwezi. Nina hasira naye, na nina hasira kubwa zaidi na nafsi yangu, na kila nikijaribu kuzitenganisha hizi mbili nashindwa.

Kwa miaka ishirini alikuwa ameendesha lori kati ya Kigali na Mombasa. Vita vilipoingia kutoka kaskazini, Oktoba ya mwaka tisini, barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, ikafungwa, na tajiri wake hakusubiri. Aling'oa injini, akang'oa magurudumu yote, akamwachia bodi juu ya mawe, katika kiwanja kilichotenganishwa na changu kwa ua wa miyenzi. Usukani ulibaki. Gia ilibaki. Dereva alikuwa akipanda kila jioni na kukaa pale kitini, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta wa choo cha jirani. Nilidhani amerukwa na akili, na sikumwonea huruma, maana nilikuwa na yangu.

Yangu yalikuwa haya. Mume wangu alikuwa amefariki. Nilikuwa nauza caguwa, nguo za mitumba, katika soko la mjini, naondoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa kumi na moja jioni, kila siku isipokuwa Jumapili. Saidi alikuwa na miaka kumi na miwili, Zubeda saba. Shule zilifungwa mwezi wa saba, zikafunguliwa mwezi wa tisa, na katikati ni kiangazi kitupu, vumbi jekundu mpaka kwenye sahani. Watoto wa wakubwa walikwenda kuogelea kwenye bwawa la hoteli, taulo mabegani. Wangu walikuwa na barabara, na barabara ile tangu vita vianze ilikuwa imejaa askari wenye njaa na vijana wasio na kazi. Mtu yeyote ambaye angenichukulia watoto wangu kuanzia saa mbili hadi jioni bila kuniomba kitu, ningembusu miguu. Sikuuliza ni nani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, ingawa mara ile ya kwanza bahati ilinipenda, kwa sababu alikuwa Dereva.

Sijui nani alianza, yeye au watoto. Ninachojua ni kwamba siku moja katika likizo ya mwaka tisini na moja nilirudi nikakuta watoto wote wamejaa kwenye lori lile, Zubeda amening'inia dirishani anapiga honi kwa mdomo, na nilipomwita akanijibu kwamba hawezi kushuka, wako Mbarara.

Safari moja ya Mombasa ilichukua likizo nzima. Hakuruhusu kuruka hata mji mmoja. Leo Kabale, kesho Mbarara, kesho kutwa Kampala, na kila mji una kazi zake. Mmoja alikuwa kigingi, yaani utingo, anafunga turubai ambalo halikuwepo kwa kamba ambayo ilikuwepo. Mwingine aliuza chai. Wengine walikuwa mzigo: walikaa nyuma wakiitwa kahawa, na kahawa haizungumzi, na nakwambia hakuna mama wa Biryogo aliyewahi kuwanyamazisha watoto watano kwa saa mbili namna ile. Mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa kwa mizinga ya kweli, lakini alisema, "Kwangu Gatuna iko wazi. Nani alifunga? Mimi sikumupa ruhusa." Kila mtoto alikuja na kiazi kitamu kimoja kibichi. Vilichomwa pamoja adhuhuri, na mwenye kikubwa hakukata kwa ajili ya mwenye kidogo ila Dereva aseme. Zaidi ya kiazi hicho, haikumgharimu mzazi hata senti.

Pale kwenye ule mti wa mkaratusi ndipo palikuwa na mchezo wenyewe. Kila mpaka, kila kituo cha polisi, kila mizani ilikuwa bariye, yaani kizuizi, na kwenye bariye alisimama ofisa. Ofisa aliuliza, "Umebeba nini?" Dereva au kigingi wake alipaswa kulipa ushuru, na ushuru ulikuwa uongo mmoja. "Nimebeba mawingu ya Nakuru, yametoboka, angalia yanavyovuja." Ofisa akicheka, mti unainuliwa, lori linapita. Ofisa asipocheka, lori linalala hapo hapo, na wasafiri wote wanakwenda kuchota maji ya Dereva bombani. Kwa hiyo ndoo zake zilikuwa zimejaa likizo nzima, mjanja yule.

Mwanangu Saidi alikuwa ofisa ambaye hajapata kuonekana. Watoto wengine walijikaza, mashavu yakavimba, wakapasuka. Saidi hakukaza kitu. Alikutazama tu, na uso wake ukawa kama mlango uliofungwa ndani. Walimletea uongo wa kila aina, walimwekea kuku kichwani, Dereva mwenyewe alishuka akamchezea ngoma ya Wamasai mbele ya pua. Wapi. "Ona huyu!" alinipigia kelele juu ya miyenzi, jasho linamtoka. "Mama Saidi, huyu mutoto iko na uso ya komisaa! Ni mimi namufundisha!" Ilikuwa Jumapili, nilikuwa nafua. Nilicheka, nami nilijivuna.

Mara moja tu Dereva alimshinda. Ilikuwa uongo wa twiga. Alisema amebeba twiga mgonjwa, anampeleka Mombasa aone bahari, anaomba ofisa asimguse shingo, ina vidonda. Saidi alipasuka kwa kicheko akaanguka juu ya debe. Nilisikia kicheko kile kutoka jikoni. Nakisikia mpaka leo, na kinaniudhi.

Msidhani alikuwa mzee mwema. Aliwatukana watoto kwa lugha nne na mimi nazielewa tatu. Alikunywa urwagwa, pombe ya ndizi, na mwezi wa Ramadhani alikunywa akiwa amejificha ndani ya lori, kana kwamba hatukusikia harufu. "Mimi sipendi watoto," aliniambia. "Wanapiga kelele, wananuka mikojo. Napenda safari tu." Akichoka mtoto, akilalamika jua, akitaka kwenda nyumbani, alimjibu neno moja siku zote: "Bado iko kilomita."

Alikuwa na watoto wake mwenyewe, wametapakaa njia nzima. Mwaka tisini na mbili mmoja alimtafuta. Mwanamke mzima, amevaa vizuri, ametoka Nakuru na kuzunguka kupitia Tanzania kwa kuwa kwingine kote kulifungwa. Alisimama getini katikati ya likizo, akalitazama lori limejaa watoto wa watu wengine, na baba yake juu amekamata usukani anaimba. Hakumwamkia. Aligeuka kwangu, kwa sababu mimi ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu, akasema kwa Kiswahili kile safi cha Kenya, "Sisi alikuwa akitupigia honi tu, akipita."

Nilimkaribisha kwangu nikampa chai. Alilia mpaka chai ikapoa. Jioni Dereva alikuja mlangoni akiwa ameshika kofia, akasema hajui aanze wapi, na mimi nikamwambia aanze na kumwomba msamaha, mshenzi wewe. Sijui kama aliomba. Kesho yake binti alirudi alikotoka, na saa mbili geti likafunguliwa kama kawaida. Nilimchukia wiki nzima. Lakini watoto wangu niliendelea kumpelekea, maana soko halingojei.

Siku walipofika Mombasa, mwishoni mwa Agosti, alichota maji kwenye beseni, akamwaga pakiti nzima ya chumvi, akawaambia wavue viatu. Waliingia wawili wawili. Zubeda alionja akatema, akaapa kwamba ameiona bahari. Mwalimu wake alimchapa kwa uongo huo shule zilipofunguliwa.

Kuna jambo moja alilolikataza, na kwa hilo alimpiga mtoto mbele ya macho yangu. Mtoto mwenyewe alikuwa Saidi, katika likizo ile ile ya mwaka tisini na mbili. Saidi alipenda uofisa mpaka ukamzidi. Alikata boksi la sabuni akatengenezea watoto wote vitambulisho, irangamuntu kwa Kinyarwanda: jina, umri, na chini, kama alivyoona kwenye changu, ule mstari unaosema wewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Alizunguka akiuliza kila mtoto yeye ni nini. Nusu yao hawakujua. Walikimbia nyumbani kuuliza mama zao, wakarudi na jibu. Dereva alipoelewa kilichokuwa kikiendelea alishuka kwenye lori, akampiga Saidi kofi, akakusanya kadi zote akazitia kwenye moto wa viazi.

"Kwangu hakuna irangamuntu!" alifoka. "Kwangu iko uongo tu! Umesikia? Kama unataka kusoma makaratasi ya watu, toka uende kule!"

Nilipiga kelele juu ya miyenzi kwamba hana haki ya kumgusa mwanangu. Kadi zenyewe sikuziwaza. Zilionekana kwangu kama mchezo mwingine wowote wa bure, na Saidi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri.

Sasa nifike kwenye koti.

Likizo ya mwaka tisini na tatu. Katika robota moja la caguwa nilipata koti la mwanamume, rangi ya buluu, vifungo vya shaba, bila doa hata moja. Koti la namna hiyo linapatikana mara moja kwa mwaka. Nililificha chini ya kitanda nimngojee mteja wa maana. Saidi alilichukua. Alikuwa na miaka kumi na minne sasa, sauti imevunjika, na alitaka ofisa awe na koti la ofisa. Mikono ilikuwa mirefu, basi akaikata kwa mkasi wangu mwenyewe, hapa, juu kidogo ya kifundo. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amesimama kwenye bariye amelivaa, na Dereva anampigia saluti.

Sikumpiga Saidi. Nilimgeukia Dereva. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia ni mlevi, ni mzee asiye na kazi anayefundisha watoto uongo kwa sababu wake mwenyewe hawamtaki. Alisema, "Mama Saidi, sikujua ni ya sokoni. Nilizani ni ya baba yake." Nilimwambia asimtaje baba yake. Niliwakamata watoto wangu mikono nikawatoa, na nikaapa hawatakanyaga pale tena.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimeshika mlango ili niwahi soko, Saidi aliniuliza, "Sasa siku yote nifanye nini?"

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimechelewa. Nilimwambia, "Nenda uwanjani kwa wale vijana wa chama. Wana ngoma, wanaimba, wanatoa Fanta. Hawakati makoti ya watu."

Nilisema hivyo. Si mtu mwingine. Nilikuwa nimewaona, kila jioni nikipita: vijana wa chama kilichotawala, katika vitambaa vya rangi moja, wakipiga gwaride na marungu, wakiimba nyimbo ambazo sikusikiliza maneno yake kwa sababu nilikuwa na mzigo kichwani. Nilichoona ni watoto wenye shughuli na chupa za Fanta mkononi. Bure. Mtaani kote wazazi tulikuwa tunasema afadhali wako pale kuliko kuzurura. Nikikumbuka neno hilo, afadhali, natamani kujipiga.

Saidi alikwenda. Jioni alirudi na mdomo wenye rangi ya chungwa. Wiki ya pili alirudi na kofia. Wiki ya tatu akawa haniambii alichofanya, na Zubeda alipomwomba acheze naye dwani alimwita jina chafu ambalo sikujua kwamba analijua.

Dereva alikuja mlangoni kwangu mara moja, katikati ya Agosti. Hakuwa amekunywa siku hiyo. Alibaki nje ya kizingiti.

"Mama Saidi, mutume mutoto arudi. Hata kama bado unanikasirikia. Ile barabara anashika, mimi najua barabara, ile ni mbaya."

"Kule wanampa Fanta," nikasema. "Wewe ulimpa nini?"

Alifikiria kweli kweli. "Mombasa," akasema.

Nilifunga mlango. Mwaka ule hawakufika Mombasa. Watoto wengine nao walipungua mmoja mmoja wakaenda kule kwenye ngoma, na nasikia lori lilikwama Mtito Andei likiwa na mzigo wa watoto wawili.

Mengine yote mnayajua, na sitayasimulia hapa. Dereva aliuawa mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, karibu na lori lake. Aliyeniambia hakutaka kunitazama usoni, nami sikumuuliza ni nani waliokuwepo, kwa sababu naogopa jibu. Saidi alivuka kwenda Zaire mwezi wa saba pamoja na wale wenziwe. Sijapata habari zake mpaka leo. Zubeda ninaye. Hapendi nizungumze habari hizi, anasema nazungumza kama ninagombana na mtu.

Nilimwona Dereva kwa karibu mara ya mwisho mwezi wa pili mwaka ule wa tisini na nne. Mjini kulikuwa kumechafuka, watu walikuwa wameuawa, na vijana wa chama waliweka vizuizi vyao barabarani mchana kweupe. Nilikuwa narudi kutoka sokoni mapema, saa tisa, kwa kuwa tulifukuzwa. Mbele yangu kwenye foleni nilimtambua kwa kisogo. Alikuwa na mfuko wa viazi vitamu begani. Kizuizi chenyewe kilikuwa mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya madebe mawili.

Walikuwa watatu. Wawili wakubwa, na wa tatu alikuwa Saidi. Alikuwa amevaa lile koti. Tangu siku ile lilikuwa limening'inia msumarini nyuma ya mlango, nimeshindwa kuliuza, na sikuona kwamba limeondoka. Mikono ilikuwa imekatwa juu ya kifundo, na sasa ilikuwa mifupi, maana alikuwa amerefuka.

"Simama, muzee," Saidi alisema. "Iko nini mu mufuko?"

Dereva aliuteremsha mfuko polepole. Alimtazama Saidi. Kisha akasimama wima, akaweka mkono kifuani kama alivyozoea.

"Twiga," akasema. "Iko mugonjwa, afande. Napeleka Mombasa aone bahari. Naomba usiguse shingo, iko na vidonda."

Nilimtazama mwanangu. Nilikuwa nangoja kile kicheko, nilikingoja kwa mwili mzima, nikijua kwamba akicheka nitamkamata sikio mbele ya wenziwe na kumpeleka nyumbani, hata wakinipiga rungu.

Kijana mmoja wa wale wakubwa alicheka. Alicheka sana, akajipiga paja. Saidi hakucheka.

"Irangamuntu," akasema.

Dereva akaitoa. Saidi akaisoma kwa sauti, jina, kisha neno lile la chini, Mtutsi. Akabaki ameishika. Uso wake ulikuwa uleule wa mlango uliofungwa ndani. Yule aliyecheka alikuwa bado anafuta macho. "Yewe, muache apite," alisema. "Uyu muzee ni musazi, iko na wazimu kabisa. Twiga!" Akauinua mti yeye mwenyewe.

Dereva akachukua kadi yake, akapita. Zamu yangu ikafika. Saidi akaninyooshea mkono bila kuinua macho, na mimi niliyemzaa nikafungua fundo la khanga nikampa kitambulisho changu. Kilikuwa na neno Mhutu, ambalo mwezi ule halikumtisha mtu. Alikisoma chote. Akanirudishia.

Dereva alikuwa ananingoja kwenye kona, ambapo hawatuoni. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wake. Miezi sita tulikuwa hatujaamkiana.

"Umeona?" akaniuliza. "Hakucheka."

"Nimeona."

"Ile uso," akasema. "Ile uso ni mimi nilimufundisha. Ni mimi, Mama Saidi."

Nilijua ni nani aliyemfungulia mlango asubuhi ile na kumwonyesha njia ya uwanjani. Maneno ya kukiri yalikuwa tayari mdomoni. Yeye alinitazama akingoja, mzee mzima, kama mtoto anayesubiri kuambiwa kwamba si kosa lake. Nilikuwa na hasira, na nilitaka mtu mwingine aibebe.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni wewe."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Akainuka, akajitwika viazi vyake, akapanda kilima peke yake.